Je, Makadirio Yaweza Kuwa Uongo?

Kijana aliyemaliza chuo na kupata kazi yake ya kwanza ya uchambuzi wa fedha huulizwa na jamaa zake mambo mawili: mshahara ni kiasi gani, na ataanza lini. Ni mara chache aulizwe kazi yenyewe ni nini. Tuieleze basi kwa maneno machache. Mhasibu huandika fedha zilizoingia na zilizotoka. Mchambuzi huzichukua hesabu hizo, huzilinganisha na za miaka iliyopita, kisha huwaambia wakubwa wa kampuni au wa benki yale anayodhani yatatokea. Kiwanda kikijengwa, kitalipa? Mkopo ukitolewa, utarudi? Watu hutoa fedha zao kwa kulitegemea neno lake.

Ya kujifunza kabla ya siku ya kwanza yajulikana. Azijue vema taarifa tatu, yaani ya mapato na matumizi, mizania, na ya mtiririko wa fedha. Tena ajue jinsi tarakimu za moja zinavyoingia katika nyingine, maana kampuni yaweza kuonyesha faida huku sandukuni hamna fedha ya mishahara. Aizoee lahajedwali. Kila tarakimu aandike imetoka wapi. Akiulizwa asilolijua, aahidi kulitafuta, kisha alitafute kweli. Mwenye bidii atayapata haya katika miezi michache, nasi hatuna haja ya kuyarefusha.

Lakini liko jambo ambalo vyuo hulipitia mbio. Siku moja mkubwa wake atamwambia: “Umekadiria mauzo yatakua kwa asilimia 4. Weka 9, tuwapelekee watu wa benki.” Je, akiweka 9 amesema uongo? Wako watakaojibu kwamba hapana, kwa kuwa yajayo hayajulikani, na asiyejua hawezi kudanganya. Hoja hii ina sura nzuri, lakini haina mifupa. Mwenye kukadiria hasemi, “Ndivyo itakavyokuwa”, asema, “Ndivyo nionavyo mimi, kwa sababu hizi.” Akiandika asiloliona, na sababu akazitunga baada ya jibu, amedanganya siku ile ile, wala hatuna haja ya kungoja mwakani ili tumhukumu. Hata mauzo yakikua kwa 9 kweli, hiyo ni bahati yake, si ukweli wake. Na yule aliyeandika 4 kwa dhamiri safi, kisha ikaja 2, amekosea tu. Walakini, mkubwa akileta sababu ya haki, kama mkataba mpya uliotiwa sahihi, kijana na abadili tarakimu yake pasipo kinyongo. Ukaidi si uaminifu.

Jinsi mambo haya yanavyoanza kidogo kidogo twaona katika habari ya WorldCom, kampuni kubwa ya simu ya Marekani. Mwezi Oktoba 2000 wahasibu wa cheo cha kati waliagizwa kupunguza gharama vitabuni kwa dola milioni 828, kwa kuchota akiba zilizotengwa kwa malipo mengine. Waliambiwa ya kwamba halitarudiwa. Likarudiwa. Mwaka 2001 ada walizolipa kampuni nyingine kwa kutumia nyaya zao zikaanza kuandikwa kama mali ya kudumu. Ni kama fundi cherehani aandikaye kodi ya chumba chake kana kwamba amenunua cherehani mpya. Mhasibu mmoja aliandika barua ya kuacha kazi, asiipeleke. Juni 2002 wakaguzi wa ndani, wakiongozwa na Cynthia Cooper, walikuwa wamekwisha kufichua dola bilioni 3.8, na Julai kampuni ikaomba kinga ya mufilisi. Mwaka 2005 mkuu wake, Bernard Ebbers, alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Mhasibu yule naye alipata miezi 5 gerezani.

Barua ile yatufikirisha kuliko mabilioni yale. Aliyeiandika hakuwa mjinga wala mwizi. Alilijua lililo jema hata akaliweka katika maandishi. Lakini mshahara wake ndio uliokuwa nguzo ya nyumba, na mkono ukasita. Basi katika kujiandaa kwake, kijana wetu asisahau mfuko wake mwenyewe. Asikope kwa kutegemea mshahara ambao hajaupokea. Asinunue gari mwezi wa pili ili afanane na wenzake. Aweke akiba mpaka aweze kula miezi mitatu pasipo kazi, na hapo ulimi wake utakuwa mwepesi kusema, “Bwana, hili siwezi kulitia sahihi.”

Nanyi wazazi mna sehemu yenu. Haki yenu ya kusaidiwa hatuikatai. Mlimsomesha kwa jasho. Lakini ada za wadogo zake, mabati ya nyumba na michango ya harusi, vyote vikimwangukia katika mwezi mmoja, vitamfunga kama deni la benki. Mpeni nafasi mwaka wa kwanza. Na kabla hajaondoka, mwambieni waziwazi kwamba siku akirudi nyumbani hana kazi kwa sababu ya namna hii, atakuta sahani yake imewekwa, wala hataulizwa kwa nini hakunyamaza.