Kuficha na Kusitiri

Tundu lenyewe lilikuwa dogo, la kupitisha kidole cha mtoto wa miaka mitano. Hatukuwa tumemaliza hata nusu saa chumbani. Mdogo anagaragara kwenye mikeka, mama yao anasoma karatasi ya masharti, mimi nimeinama natafuta pa kuchomeka chaja. Mara nikasikia pwa! Sauti kavu, ya karatasi iliyokazwa. Nilipogeuka, Idi alikuwa amesimama mbele ya mlango, kidole kingali ndani, anatabasamu kama mtu aliyegundua bara jipya.

Mliowahi kuona picha za nyumba za kale za Kijapani mnaijua milango hiyo. Wanaiita shoji: fremu nyembamba za mbao, miraba miraba kama daftari la hesabu, imebandikwa karatasi nyeupe inayopitisha mwanga bila kuonyesha kilicho nyuma. Haizuii sauti wala haimzuii mwizi. Inasimama kama ukuta kwa sababu watu wamekubaliana kwamba ni ukuta. Sasa mtoto wa miaka mitano hajatia saini makubaliano hayo.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikwenda mapokezi moja kwa moja. Sikwenda. Nilichukua mto mmoja wa kukalia sakafuni, nikauegemeza mlangoni, nikaurekebisha mpaka tundu likapotea.

“Baba, mbona umeuweka pale?”

“Upumzike.”

“Mto unapumzika?”

Mama Idi aliinua macho kwenye karatasi yake, akaniangalia, akayarudisha. Hakusema kitu. Mnaomfahamu mwanamke wa Tanga mnajua kwamba huko ndiko kusema kwenyewe.

Tulikuwa Gero, mji wa chemchemi za maji ya moto katika milima ya mkoa wa Gifu, karibu saa moja na nusu kwa treni kutoka Nagoya tunakoishi. Mke wangu anasoma huko. Mimi natafsiri nyaraka na kulea. Gero si mahali padogo kwa jina. Katika karne ya 17 msomi Hayashi Razan aliitaja pamoja na Kusatsu na Arima kuwa chemchemi tatu bora za nchi, na wenye hoteli hawajaacha kulikumbusha hilo hadi leo. Maji yake yana utelezi, unatoka ukidhani hukujisuuza sabuni. Tulidunduliza miezi kadhaa, tukapata usiku mmoja katika nyumba ya wageni ya kienyeji, yenye chakula cha jioni, matandiko ya kutandikwa sakafuni, na mama mmoja mhudumu, mtu mzima, aliyetupokea kwa kupiga magoti mlangoni hadi nikaona haya. Kwetu ni mdogo anayemwinamia mkubwa.

Kwa nini nilificha? Pesa, kwanza. Sikujua karatasi ile ni ya bei gani, na mfukoni nilikuwa nimeshafika chini. Lakini hiyo ndiyo sababu ninayoitoa kwa urahisi. Nyingine ni kwamba tulikuwa familia pekee nyeusi katika jengo lile, labda katika mtaa ule, na tangu kwenye treni nilikuwa nawaambia watoto “shhh” kila baada ya dakika mbili. Wajapani wana neno meiwaku, yaani kero unayomletea mwenzako, na watoto wao hulisikia tangu wakiwa wadogo kama wetu wanavyosikia “shikamoo”. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba tundu lile halitakuwa la Idi. Litakuwa la Waafrika. Basi mtoto akatoboa karatasi, na baba mtu akaona ametoboa bara zima.

Ruth Benedict, Mmarekani aliyeandika The Chrysanthemum and the Sword mwaka 1946 bila kuwahi kukanyaga Japani, aliwaweka Wajapani katika fungu la jamii zinazoongozwa na aibu, mbali na zile zinazoongozwa na hatia ya moyoni. Kitabu kimebishaniwa tangu hapo, na wenye elimu yao waendelee. Mimi ninachoweza kushuhudia ni kwamba ndani ya chumba kile, aliyekuwa akiongozwa na aibu alikuwa mtoto wa Ngamiani.

Saa kumi na mbili jioni tulishuka kula. Ndiyo desturi: wakati mnakula, mhudumu anaingia chumbani, anasogeza meza, anatandika. Nilikula samaki yule bila kujua ladha yake. Nilikuwa nahesabu: sasa ameingia, sasa anakusanya mito, sasa ameuinua.

Tuliporudi, matandiko manne yalikuwa tayari, meupe, yamenyooka. Mito mitatu ilikuwa imepangwa pembeni, mmoja juu ya mwingine. Wa nne ulikuwa umeegemea mlango wa karatasi, palepale nilipouacha, ila umenyooka kuliko nilivyounyoosha mimi.

“Baba Idi,” mke wangu akasema taratibu, “umeona?”

Niliona. Aliuinua, akakuta tundu, akaelewa yote, tundu na mtu, kisha akaurudisha. Alificha kile nilichoficha. Au ndivyo nilivyofikiri usiku ule, na nilikosa usingizi nikijiuliza kama sasa tuko waongo wawili.

Alfajiri, saa kumi na moja, nilimchukua Idi kwenye bafu la wanaume. Nilichagua saa ile makusudi. Nimelelewa kwamba baina ya kitovu na magoti ya mwanamume si pa kila jicho, na humo watu huingia kama walivyozaliwa; nguo majini hairuhusiwi. Mama Idi alikuwa ameshamalizana na suala hilo kwa njia yake: alikodi kwa dakika arobaini na tano bafu dogo la familia, yeye na mdogo, ambaye hata hivyo angali kwenye nepi na kwa sababu hiyo hakubaliwi kwenye maji ya wote. (Wenyeji nao hujiuliza mambo haya. Mwaka 2020 wizara yao ya afya ilishusha katika mwongozo wake umri wa watoto kuoga na jinsia nyingine, kutoka takriban miaka 10 hadi 7. Yaani hata serikali imebidi ikae ijiulize mtoto anaanza lini kuwa na macho.)

Mle ndani unakaa kwanza kwenye kigoda, unajisugua hadi unatakata, ndipo unaingia majini. Unapotembea una kitaulo kidogo, cha kuficha kidogo. Nilidhani tuko peke yetu. Kumbe kulikuwa na mzee mmoja ameshatangulia, maji shingoni, kitaulo amekikunja juu ya kichwa. Nikashika kitaulo changu kama mtu ashikavyo pasipoti.

Mzee alitikisa kichwa kutusalimu, kisha akageuzia macho yake kwenye dirisha, kwenye ukungu wa mtoni. Hakugeuka kwa chuki wala kwa woga. Nilikaa naye majini dakika kumi, watu wazima wawili bila uzi mwilini, na sikujiona uchi. Nguo yangu ilikuwa ile namna yake ya kutoangalia.

Hapo ndipo neno la nyumbani likanijia, neno ambalo nimelisikia maisha yangu yote kwenye dua za bibi zangu bila kulitazama: kusitiri. Mungu akusitiri. Nyumba ni stara. Usitiri wa mtu si uficho wake. Ninapoficha, nalinda sura yangu, na ninachoogopa ni macho yako. Ninapositiri, nalinda sura yako, na macho ninayoyatawala ni yangu. Kitendo kinaweza kuwa kilekile, mto uleule, mlango uleule. Mimi niliuweka nikaficha. Yule mama aliurudisha akasitiri.

Nilifurahia wazo hilo kwa muda wa kutoka majini hadi kwenye kabati la nguo. Kisha nikamkumbuka shangazi yangu.

Shangazi alikuwa akija kwetu na jicho limevimba, na wakubwa walimkalisha ukumbini, wakampa chai, wakamwambia: “Msitiri mumeo.” Neno lilelile. Akamsitiri miaka kumi na moja. Sasa hapo falsafa yangu ya bafuni inasimama wapi? Shangazi alilinda sura ya mwingine, alitawala macho yake mwenyewe, na mdomo pia. Ukiifuata ile tofauti yangu nzuri, alikuwa mwanamke mwema kuliko wote, na waliomshauri walikuwa walimu wa wema. Siwezi kukubali hilo.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Tunaisoma methali hii kama sifa ya mwosha: ameona, amenyamaza. Lakini angalia ni nani anayeoshwa. Maiti amemaliza. Kovu lililo mgongoni mwake halitamkata mtu mwingine. Mwosha anaweza kulifunika kwa sababu limefika mwisho wake. Ngumi ya yule bwana haikuwa imefika mwisho. Kila ilipofunikwa ilipata mahali pa kupumzikia hadi safari nyingine. Kisha kuna la pili: hakuna aliyemtuma mwosha anyamaze. Stara ikishaamrishwa si stara tena, imekuwa mfuniko, na mara nyingi anayeamrisha ndiye anayechemka chini yake.

Mtaniambia mhudumu naye alilipwa awe na adabu. Kweli. Tabasamu lake lilikuwa ndani ya bei, na magoti yake pia, na hilo lilinisumbua siku zote mbili: nitajuaje wema wa mtu ambaye ukarimu ndiyo ajira yake? Ila sidhani kuna mwongozo wa kazi unaosema mto uliosimama mlangoni urudishwe ulipokuwa. Kitabu cha kazi kingesema tundu liripotiwe. Pale alipoacha kitabu ndipo nilipomwona yeye.

Natsume Sōseki ana kisa kinachogusa hapa, katika riwaya yake Botchan ya mwaka 1906. Mwalimu kijana wa hesabu kutoka Tokyo, amepelekwa mji wa mkoani, anapenda bafu la maji ya moto la mji ule, ambalo wasomaji wanalitambua kuwa la Dōgo, Matsuyama, alikowahi kufundisha Sōseki mwenyewe. Akikuta hakuna mtu, anaogelea. Siku moja anakuta kibao: hairuhusiwi kuogelea. Hakuna aliyemwambia usoni, hakuna jina lililoandikwa. Nilipokisoma zamani niliona ni ustaarabu. Lakini anapofika darasani anakuta maneno yaleyale yamekwishaandikwa ubaoni, wanafunzi wanacheka. Mji mzima unajua. Kutomtaja mtu, kumbe, kunaweza kuwa stara na kunaweza kuwa njia ya kumzomea bila kufungua mdomo, na kibao peke yake hakikuambii ni ipi.

Kwa hiyo nilirudi chumbani nikaukalia ule mto. Tundu likabaki wazi, linapitisha mwanga wa asubuhi, limeangukia mkekani kama sarafu. Idi akaweka kiganja chake pale kuushika. Kosa langu mimi halikuwa maiti. Kila saa mto uliposimama pale, mtoto alikuwa anajifunza kitu, na aliyekuwa akimfundisha ni mimi. Yule mama alinipa usiku mmoja tu. Zaidi ya hapo, nikiondoka kimya, mto wake ungekuwa mfuniko wangu.

Wakati wa kuondoka alikuja kutusindikiza mlangoni. Nikavaa viatu, nikasimama, na kwa Kijapani changu cha nyaraka nikamwambia kwamba mtoto ametoboa karatasi, kwamba mimi nililificha, kwamba naomba radhi na nipo tayari kulipa.

Akainama. “Kweli? Mimi sikuona,” akasema. Kisha akaomba radhi yeye: karatasi ilikuwa ya zamani, walikuwa wabadilishe zote kabla ya mwaka mpya.

“Lakini uliurudisha mto,” akasema Idi, ambaye Kijapani chake cha chekechea kimenipita zamani.

Yule mama akaziba mdomo kwa mkono, akacheka hadi mabega yakatikisika, na hakujibu. Pesa alikataa. Ningependa angepokea, ningeondoka mwepesi. Aliwapa watoto yai mojamoja lililochemshwa kwa maji ya chemchemi, akasimama barabarani akipunga mkono hadi tukakata kona.

Kwenye treni, mdogo akalala. Idi alikuwa anafikiri. Nikamwona jinsi anavyokunja pua.

“Baba, yule bibi ni mwongo?”

Mke wangu akageukia dirishani. Swali aliniachia mimi.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mwongo wa jana nilikuwa mimi, na kwamba mto haukuwa umechoka. Nikajaribu kumweleza kuficha na kusitiri, bafu na mzee na macho yake, nikachanganyikiwa katikati kwa sababu sikuweza kumtaja shangazi, na bila shangazi nusu ya maelezo haisimami.

Akasikiliza, halafu akaleta lake. “Nikitoboa tena, niseme au nisiseme?”

“Useme.”

“Na wakisema hawakuona?”

“Useme asante.”

Alilipima hilo kwa muda. Kisha akaniambia halina maana, na akaomba nimmenyee yai.