Kosa la Nani: Langu au la Saksafoni?

Wahenga wametuachia methali moja kali: asiyejua kucheza husema uwanja mbovu. Tumeisikia shuleni, tumeisikia nyumbani, na mimi mwenyewe nimewatupia washikaji kijiweni mara nyingi tu, hasa kwenye ubishi wa mpira. Leo nataka kuigomea kidogo. Je, kama uwanja ni mbovu kweli? Na huyo asiyejua kucheza, atajuaje?

Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata kwa kununua saksafoni.

Nilikuwa nimedunduliza laki nne. Mwanamuziki mmoja alikuwa tayari kunikodisha saksafoni yake nzima kwa elfu thelathini kwa mwezi. Mtu mwingine alikuwa na alto iliyotumika, anaiuza moja kwa moja kwa laki nne hizo hizo. Nikapiga hesabu: miezi kumi na minne ya kukodi ni laki nne na ishirini, na mwisho wake unarudisha chombo unabaki mikono mitupu. Isitoshe, nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikanunua.

Nikiri hapa: hesabu ilikuwa kisingizio. Nilichotaka ni kuonekana nakatiza mtaani na lile kasha jeusi. Nilitaka kuwa mwanamuziki kabla ya kupuliza. Wangapi kati yetu tumenunua daftari lenye jalada gumu, tukaamini tumeshaanza riwaya?

Basi nikapuliza miezi mitatu. Sauti za juu ziliitika kidogo. Nikishuka chini, chombo kinakwaruza, kinapiga yowe, kisha kimya. Nilipomrudia muuzaji alicheka. "Mdogo wangu, chombo hakina tatizo. Tatizo pumzi. Wewe kaza tu." Nikakaza. Nikabana midomo mpaka ikachubuka, nikapuliza mpaka nikaona kizunguzungu. Nikajiambia sina kipaji, sina mapafu, ukoo wetu wote hauna muziki. Mwisho nikalisukuma kasha uvunguni, nikawa naona aibu hata kupita mbele ya wale walioniona nalo.

Aliyenizindua ni mzee jirani yetu, ambaye ujanani alipuliza katika bendi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona siku hizi kimya? Umeshawamaliza wale paka?"

Nikamweleza. Akasema niilete. Ilikuwa usiku na umeme umekatika. Hakupuliza hata mara moja. Alichukua balbu ndogo ya tochi iliyofungwa kwenye waya, akaishusha ndani ya bomba, akafunga vifuniko vyote taratibu kwa vidole. Gizani nikaona mwanga mwembamba unachungulia pembeni mwa vifuniko viwili.

Kwa asiyefahamu: saksafoni ni bomba la shaba lenye matundu, na kila tundu lina kifuniko chenye pedi ya ngozi. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyeisajili huko Paris mwaka 1846, aliitengeneza hivi: sauti inaanzia kwenye kijiti chembamba cha tete kinachotikisika mdomoni, na kadiri unavyofunga matundu mfululizo, sauti inashuka. Pedi ya juu ikivuja, noti zote za chini yake zinasumbua, hata kama vifuniko vya huko chini ni vizima kabisa.

"Hapa hata mimi ningekoroma," mzee akasema.

Mtadhani nilifurahi. Nilikasirika, bwana. Si kwa ajili ya laki nne, hiyo inahesabika. Nilikasirikia miezi mitatu ya kujidharau, ambayo haina risiti wala pa kuirudishia.

Hapo ndipo lilipo swali langu. Fundi wa kazi akipewa chombo kibovu, anajua. Charlie Parker alipiga alto ya plastiki aina ya Grafton kule Toronto, tarehe 15 Mei 1953, na rekodi ya usiku ule inasikilizwa mpaka leo. Ornette Coleman naye alinunua ya plastiki mwaka 1954, kwa kuwa hakuimudu ya chuma. Watu wanapenda kututupia mifano hii: unaona, chombo si kitu! Lakini plastiki ni jambo moja na kuvuja ni jambo jingine. Halafu wale walikuwa na masikio yaliyokomaa. Anayeanza hana kipimo. Kipimo chenyewe anakitafuta ndani ya chombo hicho hicho. Ukimpa kibovu ukamwambia akaze, umemdhulumu mara mbili, na ile ya pili anaimalizia mwenyewe kwa kujilaumu. Hata mtoto anayesoma kitabu kimoja na wenzake watano, siku akifeli, nani humwambia kwamba uwanja ulikuwa mbovu? Huambiwa akaze.

Kwa hiyo tukodi? Nilimwambia mzee hivyo: ukikodi kizima, kosa linalobaki ni lako, na kosa lako unaweza kulirekebisha. Akatikisa kichwa. Enzi zake bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz, ambayo leo ni Msondo Ngoma, ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na bendi yao, Umoja wa Vijana nao na yao. Vyombo ni vya mwajiri. Mwanamuziki ana mshahara wake. Yeye alipokorofishana na uongozi wa bendi yake, aliiacha saksafoni stoo akarudi nyumbani na kijiti kimoja mfukoni. Alikaa miaka miwili bila kupuliza.

"Mwenye chombo ndiye mwenye saa," akaniambia. "Akisema rudisha, muziki wako unalala kwake."

Nimeyapima maneno hayo, na sioni kama yanagombana na yangu. Yanapishana kwa wakati tu. Kodi wakati huna masikio, maana unalipia uhakika kwamba yupo mtu anayejua anayelitunza lile bomba. Nunua siku utakapoweza kusikia linapovuja, ili asiwepo wa kukunyang'anya saa yako. Na kama mfuko unakulazimisha kununua cha rahisi tangu mwanzo, usiende peke yako. Nenda na mwenye masikio.

Lakini huo ni upande wa mnunuzi. Mwezi uliopita alikuja kijana wa mtaa wa pili.

"Kaka, nasikia unauza ile saksafoni. Nina laki tatu na nusu."

Nilikuwa nadaiwa kodi ya chumba. Maneno ya yule muuzaji yakanijia mdomoni, tena kwa sauti yangu mwenyewe: haina tatizo, wewe kaza tu. Hakuna ambaye angejua. Hata yeye asingejua, na hilo ndilo lililonitisha. Nikafunga dirisha, nikachukua balbu ya mzee.

Aliitazama ile mianga miwili. "Sasa kaka, mbona unanionyesha?"

Nikamwambia: ili ukishindwa, ujue umeshindwa na nini.

Hakununua. Saksafoni iko kwa fundi, chumba bado nadaiwa, na kila mwezi natoa elfu thelathini kukodi ya watu. Juzi nilishuka mpaka noti ya chini kabisa, ikatoka nene, imetulia. Halafu nikaharibu mapigo yaliyofuata. Lilikuwa kosa langu, langu kabisa, na nililirudia mpaka likanyooka.