Dawa Kabla ya Homa

Wako wasemao kwamba kumpa mtoto dawa hali hajaugua ni upungufu wa tawakkuli. Na tuyatazame maradhi ya sistiki fibrosisi, ayarithiyo mtoto kwa wazazi wake wote wawili: makohozi huwa mazito mapafuni, vijidudu vikafanya maskani humo. Uingereza watoto wengi wa namna hii hupewa antibiotiki ya flukloxasilini kila siku hata watimize miaka 3, kumzuia kijidudu stafilokoka. Mwongozo wa matabibu wa Marekani hauridhii. Wachelea asije akaingia sudomonasi, aliye mkali zaidi.

Hitilafu hii basi ni ya elimu ya utabibu, si ya imani. Afungaye mlango usiku hajamkana Mola wake! Twaona amekosa amkatazaye mzazi kwa jina la dini. Na amekosa vilevile mzazi anunuaye vidonge dukani kwa kukisia, kwani dawa itumiwayo ovyo huwazoeza vijidudu kuishinda, na dhara hiyo humfikia hata mtoto wa jirani. Mtoto ni amana, hana kauli juu ya kitiwacho kinywani mwake. Aulizwe tabibu ayajuaye maradhi haya. Na sudomonasi akionekana katika makohozi, ijapokuwa mtoto acheza wala hana homa, matabibu wa nchi zote mbili humtibu papo hapo. Angojaye homa ameichezea amana.