Tumeshinda, Wameshindwa

Wahenga walinena kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hili hufundishwa katika kila shule yenye uwanja, nalo ni neno jema. Lakini lilikusudiwa mtu aliyemo mchezoni, atokwaye na jasho, ambaye kushinda au kushindwa kwake kumo katika mikono na miguu yake mwenyewe. Juu ya yule aliyeketi ukingoni, mwenye sauti nyingi na jasho haba, wahenga hawakutuachia mengi. Naye kwa idadi ndiye mkubwa: wachezaji kumi huweza kutazamwa na watu elfu kumi. Basi yafaa tuulize: timu ipendwayo ikishindwa, shabiki ana haki gani ya kukasirika, na hasira yake yaweza kufika wapi kabla haijawa dhuluma?

Swali hili laweza kuulizwa popote penye mpira na kipenga. Mimi nitalipeleka Marekani, kwenye mpira wa kikapu wa vyuo vikuu, maana huko lilijibiwa vibaya usiku mmoja mbele ya macho ya taifa zima. Mchezo wenyewe ulizaliwa huko mwaka 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, wakati mwalimu James Naismith alipotundika vikapu viwili vya matunda ili vijana wake wapate mazoezi ya ndani katika miezi ya baridi. Nia yake haikuwa kubwa kuliko hiyo. Leo, kila mwezi wa Machi, mashindano ya vyuo huwashughulisha watu mamilioni, na wako wafanyao kazi nusunusu mchana kutwa kwa sababu sikio lao liko kwenye matokeo.

Katika mashindano ya wanaume timu hugawanywa katika makundi manne, na katika kila kundi hupewa namba tangu ya 1, iliyo bora, hata ya 16, iliyo dhaifu. Ya 1 huanza kwa kucheza na ya 16. Tangu mpango huo ulipoanza mwaka 1985 hadi jioni ya tarehe 16 Machi 2018, michezo ya namna hiyo ilikuwa imechezwa 135, na namba 1 ilikuwa imeshinda yote 135. (Kwa upande wa wanawake, Harvard ilikwisha kuivunja desturi hiyo mwaka 1998 kwa kuishinda Stanford, lakini yaonekana wanaume hawakudhani kuwa jambo hilo lawahusu.) Usiku ule, mjini Charlotte, Chuo Kikuu cha Virginia kilikabiliana na chuo kiitwacho UMBC, kilichoko karibu na mji wa Baltimore. Virginia ilikuwa imeshinda michezo 31 na kushindwa 2 tu, nayo ilihesabiwa kuwa timu ya kwanza katika nchi nzima. UMBC, mwezi wa Januari mwaka uo huo, ilikuwa imefungwa na Albany kwa pointi 83 kwa 39. Ilipofika mapumziko walikuwa sawa, 21 kwa 21. Kilichofuata hakuna aliyekitazamia. Jairus Lyles wa UMBC hakuzuilika; alimaliza na pointi 28, na timu yake ikashinda kwa 74 kwa 54. Tofauti ya pointi 20 haiwezi kuitwa bahati mbaya, wala mwamuzi hawezi kubebeshwa.

Shabiki wa Virginia alikuwa na kila sababu ya kulia usiku ule. Alikuwa ameingojea timu ile miaka mingi, nayo ilipopanda juu kuliko wakati wowote, ikaanguka mahali ambapo hapakuwahi kuanguka mtu. Lakini wako watu ambao hawakukomea kwenye machozi. Wachezaji walipelekewa matusi, na juu ya matusi vitisho vya kuuawa. Mmoja wao, Kyle Guy, kijana wa miaka 20, aliyaeleza hayo baadaye katika barua aliyoitoa hadharani, akaeleza pia jinsi alivyosumbuliwa na wasiwasi mwingi wa moyo katika msimu ule. Kama aliyemwandikia vitisho alikuwa amepoteza fedha au amepoteza fahari, haidhuru. Neno lake lilimfikia kijana yule yule. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo tulivyofundishwa. Huyu alicheza kwao akatishiwa roho, na kosa lake ni kwamba mpira haukuingia.

Mtu mwenye akili atauliza: huyo aliyetisha anadai nini, na anadai kwa hati gani? Hapa lugha yetu yaweza kutusaidia, maana ina kiambishi kidogo chenye mambo makubwa ndani yake, nacho ni “tu”. Mwanafunzi ambaye hajapata kugusa mpira maisha yake hurudi kutoka uwanjani akisema, “Tumewafunga!” Hakuna anayemsahihisha. Juma lijalo timu ile ile ikifungwa, husikika akisema, “Wamefungwa. Wale hawajui kucheza.” Kiambishi kimebadilika njiani, wala hakuna aliyekiona kikibadilika. Jambo hili lilichunguzwa Marekani na mtaalamu wa saikolojia Robert Cialdini pamoja na wenzake, wakalitangaza mwaka 1976. Waliona kwamba wanafunzi wa vyuo walivaa nguo zenye jina la chuo chao zaidi siku ya Jumatatu iliyofuata ushindi wa timu yao, ile ya futiboli ya Kimarekani, kuliko Jumatatu iliyofuata kushindwa. Tena, walipoulizwa kwa simu waueleze mchezo, walielekea kusema “sisi” katika ushindi kuliko katika kushindwa. Nafsi ya kwanza ilikuwa kwao kama kanzu ya sikukuu.

Anayeitetea ghadhabu ya shabiki atasema: “Naumia kwa kuwa napenda, asiyependa haumii.” Nakubali, na kwa kweli sina imani na mtu ambaye timu yake hushindwa naye akalala usingizi mnono. Lakini mtazame vizuri mwenye kutukana. Huwezi kutukana ukiwa ndani ya “sisi”. Aliyebaki ndani husema, “Tumeaibika,” naye hujihesabu katika aibu ile. Aweza hata kusema, “Tulikuwa wazembe, tulidharau, hatukujitayarisha,” na maneno hayo yakawa makali kuliko tusi, ila hayadhulumu mtu. Mwenye kutukana hutoka kwanza, hufunga mlango nyuma yake, kisha hurusha jiwe dirishani. Basi yale mapenzi anayoyataja kuwa hati yake, ameyaacha ndani ya nyumba anayoipiga mawe.

Yuko na mwingine ambaye hataji mapenzi. Yeye hutaja fedha. Amelipa tiketi, amesafiri mbali, amenunua jezi. Kwa hiyo, asema, anadai. Anadai kweli, lakini tuchunguze alichonunua. Tiketi hununua kiti na mashindano ya haki. Lau ingenunua ushindi, tungemwambia nini aliyeketi upande wa pili, ambaye tiketi yake ilikuwa ya bei ile ile? Hoja hii imepata nguvu zaidi siku hizi, kwa sababu tangu Julai 2021 wanafunzi wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao, na tangu mwaka 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwalipa. Si watoto wa kuchezea uji tena, watu husema. Na iwe hivyo. Mwenye kulipwa hudaiwa kazi: afike mazoezini, asile njama, ajitoe kwa nguvu zake zote. Daktari naye hulipwa, lakini hatumdai uhai wa kila mgonjwa. Twamdai elimu na bidii.

Ubaya zaidi umekuja kwa mlango wa kamari. Mwezi wa Mei 2018, miezi miwili tu baada ya usiku ule wa Charlotte, Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliifuta sheria iliyokuwa ikizuia majimbo mengi kuhalalisha kamari ya michezo, na tangu hapo imeenea. Mwaka 2024 Charlie Baker, mkuu wa chama kisimamiacho michezo ya vyuo, aliyataka majimbo yapige marufuku kamari inayowekwa juu ya mchezaji mmojammoja wa chuo, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakisumbuliwa na watu waliopoteza fedha. Mcheza kamari hana hata ile “tu” ya kuazima. Kwake kijana ni farasi, na farasi akishindwa hupigwa.

Hasira ina upofu wa namna nyingine pia, ambao sisi hatuutaji sana. Aliyepiga kelele kuwa Virginia imejiangusha aliwapokonya UMBC kitu walichokitolea jasho. Vijana wa chuo kile walikimbia, walilenga, walizuia; walifunga pointi 53 katika nusu ya pili dhidi ya timu iliyosifika kwa ulinzi. Kumlaumu mshindwa peke yake ni kusema kwamba mshindi hakuwako.

Msomaji, wewe u karibu na jambo hili kuliko shabiki wa Charlotte. Mchezaji wa shule yako hulala bweni moja nawe. Atarudi usiku kutoka mashindano ya kaunti, ameshindwa, apite katikati ya vitanda akiutafuta wake, na wote mko macho ingawa mmejifunika. Bwenini kuna kimya cha namna mbili, naye atakitambua mara moja ni kipi alichokikuta. Asubuhi mwaweza kuzungumza juu ya ile pasi iliyopotea, na ni vyema mzungumze. Lakini usiku ule kuna mtu mmoja wa kusogea kidogo kwenye benchi amwachie mwenzake nafasi ya kuvua viatu, na huyo aweza kuwa wewe.

Kisa cha Virginia aghalabu husimuliwa kwa ajili ya mwisho wake. Mwezi wa Aprili 2019, mjini Minneapolis, katika nusu fainali dhidi ya Auburn, Kyle Guy alisimama kwenye mstari wa mitupo huru zikiwa zimebaki sekunde 0.6, na timu yake iko nyuma kwa pointi mbili. Alipewa mitupo mitatu, akaitia yote, wakashinda 63 kwa 62. Siku mbili baadaye waliishinda Texas Tech kwa 85 kwa 77 katika muda wa nyongeza, wakawa mabingwa wa nchi. Ni hadithi tamu, lakini mimi huiogopa kidogo. Humfanya msikilizaji adhani kwamba waliotukana walikosea kwa kuwa wachezaji walikuja kushinda, kana kwamba kombe lisingepatikana, matusi yangekuwa halali. Mwezi wa Machi 2018 hakuna aliyejua habari za mwaka 2019. Heshima waliyostahili wale vijana waliistahili usiku ule ule, mikono yao ikiwa mitupu.

Ndiyo sababu napenda kukiweka kando ya kisa hicho kisa cha Purdue. Tarehe 17 Machi 2023 jambo lile lilitokea kwa wanaume mara ya pili: Purdue, namba 1, ilishindwa na Fairleigh Dickinson, namba 16, kwa 63 kwa 58. Mwaka uliofuata Purdue ilirudi pamoja na Zach Edey, mchezaji wake mrefu kuliko wote, ikasonga hadi fainali, na huko ikakutana na Connecticut. Machozi ya mwaka 2023 hayakupata malipo. Edey alifunga pointi 37 kati ya 60 za timu yake. Connecticut ilipata 75. Shabiki wa Purdue alikuwa na nini zaidi cha kumdai?