Mhurumieni Atakayeusoma

Ndugu zangu mnaoandika programu, nina neno nanyi leo, na nawasihi msinipite. Mashine haihitaji huruma yenu. Ipeni msimbo uliosokotana kama wavu ulionasa mwambani, itautekeleza bila kunung'unika. Anayeumia ni binadamu: kijana aliyeajiriwa juzi, anayeamshwa saa nane usiku kwa kuwa malipo yamekwama, akafungua faili yako na kukuta fankisheni ya mistari mia nne.

Kiti hicho nimekikalia. Palikuwa na fankisheni ya kutuma pesa. Kama mteja yupo. Ndani yake, kama akaunti iko hai. Ndani yake, kama salio linatosha. Ndani yake tena, kama hajavuka kikomo cha siku. Na huko shimoni ndipo pesa inatumwa. Kisha, mbali kule chini, "la sivyo" nne zimepangana, kila moja imeachana na swali lake. Nikawa nafuata mabano kwa kidole kwenye kioo: hii ni ya salio au ya kikomo? Nilikosea mara mbili. Watu walisubiri pesa zao hadi alfajiri kwa sababu aliyeandika alijiandikia mwenyewe.

Hesabuni, jamani! Mwaka 1976 Thomas McCabe alitupa kipimo cha ugumu wa fankisheni ambacho hata mtoto wa darasa la tatu anakiweza: anza na 1, ongeza 1 kwa kila "kama" na kila kitanzi. Alipendekeza fankisheni moja isizidi 10, ukomo wa busara tu, wala hakudai kuwa ni namba ya miujiza. Kwa nini kujizuia hivyo? Kwa sababu "kama" kumi zinazofuatana, kila moja ikijitegemea, zinazaa njia 1,024. Nani kati yenu amezijaribu zote? Nani anaweza kuzishika kichwani, tena usiku, simu zikiita?

Lakini msiridhike na namba hiyo peke yake. Ile fankisheni ya pesa, pamoja na mateso yake yote, kwa McCabe inapata 5 tu! Kipimo chake hakioni kina. Maswali yaliyopangwa mstari mmoja na yaliyozamishwa moja ndani ya lingine kwake ni mamoja. Ndiyo maana kampuni ya SonarSource ilileta kipimo kingine, kinachotoza zaidi kila "kama" inayozama: ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 4. Ongeza zile "la sivyo" nne, kila moja 1, unapata 14. Hapo namba imeanza kusema kile ambacho macho yangu yalikiona.

Tuliitibu hivi: asiyestahili anarudishwa mlangoni. Mteja hayupo? Rudisha kosa, toka. Akaunti imefungwa? Toka. Salio halitoshi? Toka. Kikomo kimevukwa? Toka. Mwishoni, bila kuzama popote, mstari mmoja: tuma pesa. McCabe bado anasema 5, ila ile 14 imeshuka hadi 4, na kila kosa limekaa kando ya swali lake.

Na wewe unayekata fankisheni katikati, ukaita nusu moja "sehemu ya kwanza" na nyingine "sehemu ya pili" ili kipimo kinyamaze, acha! Huo ni udanganyifu, na anayedanganywa ni mwenzako. Kata pale tu ambapo kipande kinastahili jina, jina kama "salioLinatosha", ambalo msomaji akiliona halazimiki kufungua ndani.

Msiniambie muda hakuna. Muda huo mnautoa tayari, vipande vipande, kila mtu anaposoma upya kile mlichokataa kukinyoosha.

Kesho asubuhi, kabla hujaongeza hata mstari mmoja, fungua ile faili ambayo kila mtu ofisini huikwepa. Unaijua kwa jina. Mwite yule kijana akae karibu yako, soma fankisheni ya kwanza kwa sauti, na mahali atakapokuuliza swali, anzeni kukata hapo hapo.