Buibui Niliyemtia Kwenye Friji

Picha yangu inayosifiwa kuliko zote ni ya buibui, niliyoipiga Ikola nyuma ya nyumba ya mama mdogo. Shida ni kwamba yule buibui nilimtia kwenye friji kwanza.

Ni wale wadogo wasiotega utando, wanaovizia mawindo na kuyarukia. Ukimsogelea hageuki kukimbia, anageuka kukutazama. Ana macho manane, na yale mawili makubwa ya mbele yanaona vizuri ajabu. Asubuhi tatu nilichuchumaa chini ya mpapai na simu yangu, na kila nikitaka kubonyeza, huyoo, karuka. Siku ya nne nikamfunika na kikombe. Dakika kumi za baridi zikamlegeza, nikamrudisha kwenye jani, nikapiga nilivyotaka.

Mama mdogo alikuwa anaanika dagaa. Akaangalia simu. "Sasa mwanangu, huyo anakutazama au ana baridi?"

Nilicheka, lakini swali halijaniacha. Wapiga picha wengi wa wadudu hufanya hivyo, na wangu alipopata joto alienda zake. Sawa. Ila mwaka 2022 Daniela Rößler na wenzake walichapisha utafiti kwamba buibui wachanga wa jamii hii, wakilala usiku, macho yao huchezacheza na miguu kushtuka, mithili ya mtu aliye katika usingizi wa ndoto. Hawakusema wanaota. Mimi ilinitosha.

Hata hivyo, kinachonisumbua zaidi ni uongo. Picha ile inasema: alitulia, akaniamini. Na kwa kweli si mara ya kwanza. Pale pale ufukweni niliwahi kumwomba mvuvi arushe tena wavu kwa sababu jua lilikuwa limekaa vizuri, halafu gazetini nikaandika "akiendelea na shughuli zake". Mvuvi angeweza kukataa. Au najifariji tu. Mwenye kamera ya gazeti hakataliwi kirahisi.

Utasema picha imefanya kazi yake. Ni kweli. Mama mdogo alipoiona, na nilipomsimulia kwamba kandokando ya Ziwa Viktoria wapo ndugu zao wanaopenda kula mbu aliyeshiba damu, aliacha kuwapiga ndala. Lakini je, asingeacha kwa picha yenye ukungu kidogo, ya buibui anayeruka?

Juzi nimebadilisha maelezo: "Buibui, Ikola, baada ya dakika kumi kwenye friji." Rafiki yangu, naye mwandishi, kanipigia kuniambia nimeiharibu picha.