Je, Msaada Wenye Faida kwa Mtoaji ni Msaada?

Sisi wa Yaeda Chini tu mbali na bahari, na ziwa letu lenyewe hukauka wakati wa kiangazi. Hata hivyo vitu vingi vya dukani vilipita baharini kabla ya kutufikia. Basi habari za manowari zatuhusu.

Mwezi wa Aprili 2025, tangu tarehe 13 hata 18, Tanzania na India zilikuwa wenyeji wa mazoezi ya wanamaji pale Dar es Salaam, wakiwapo pia wa Kenya, Komoro, Madagaska, Msumbiji na nchi nyingine. Kwanza walikaa bandarini wakishauriana jinsi ya kupashana habari za maharamia. Kisha wakatoka baharini, wakajizoeza kuwatafuta waliopotea majini, na kupanda chombo kinachoshukiwa ili kukipekua. Yafaa hayo kufanywa kabla ya hatari, maana mtu anayezama hawezi kungoja waokozi wake wafundishane ishara.

Lakini wako wasemao: India ina biashara yake katika bahari hiyo, nayo yajitafutia yake, huo si msaada. Neno hili lina kweli, ila twaona halitoshi. Na tumtazame ndege mlembe. Humwita mrina asali, humwongoza mpaka kwenye mti wenye nyuki, naye hutamani nta. Nani amemwita adui kwa kuwa ana njaa yake? Tena, ndugu zetu Wahadzabe wajua ya kuwa mdanganyifu katika safari ile mara nyingine ni mtu: huchoma masega au huyafukia, ndege abaki na njaa apate kuongoza tena.

Hapo ndipo penye swali lenyewe. Mwenye nguvu kupata faida si kosa. Kosa ni kumwacha mdogo na njaa kwa makusudi, ili amhitaji siku zote. Manowari za wageni zikiisha kung'oa nanga, je, wanamaji wetu waweza kumkamata haramia kwa vyombo vyao wenyewe? Wakiweza, walipewa nta yao. Wasipoweza, masega yalifukiwa, hata kama karamu ya kuagana ilikuwa nzuri. Wala tusiwaulize wakubwa waliosimama kwenye gwaride. Na aulizwe mvuvi wa Kilwa au wa Pemba, ambaye ngalawa yake imepinduka usiku, ni nani aliyekuja.